Nyambizi ya Johannesburg

Baba alipokuja kututembelea Johannesburg, alimwita mume wangu "bwana" tu. "Bwana, nipe chumvi." "Bwana, hii televisheni yazimwa wapi?" Mume wangu ni fundi cherehani, mzaliwa wa Kalemie huko Kongo, mwenye kiduka chake Yeoville. Baba ni mtu wa Mombasa, fundi mitambo mstaafu wa gudi, pale meli zinapopandishwa nchi kavu zikarabatiwe. Hakupenda niolewe mbali, tena na mtu ambaye Kiswahili chake, kama alivyoniambia kwenye simu, "kimepigwa pasi upande mmoja."

Kwenye flati yetu ya Berea, Baba alishinda dirishani akitazama magorofa na kulalamika kwamba mji mkubwa hivi hauna hata maji ya kutia mguu. Asubuhi moja ya Jumamosi mume wangu akaninong'oneza, "Tumupeleke Papa aone bato."

Bato ni meli kwa Kiswahili cha kwao. Nilicheka. Meli, Johannesburg? Lakini yeye alikuwa amewahi kuiona kwenye makumbusho ya vita.

Na kweli ilikuwepo: nyambizi ya Wajerumani, ndogo, ya kuingia mtu mmoja tu. Baba aliizunguka. Akavua kofia, akaigonga nyambizi kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kama daktari.

"Eish, baba! Usiguse!" mlinzi alipiga kelele kwa Kiingereza.

"Siigusi, naijulia hali," Baba alijibu kwa Kiswahili bila hata kugeuka. Mlinzi hakuambulia neno, ila alicheka, akatuacha.

Hapo ndipo Baba alipofunguka. Alitusimulia jinsi babu yangu, wakati wa vita vya Hitla, alivyokwangua kutu kwenye manowari za Waingereza zilizojaa Kilindini. Baada ya uhuru, yeye mwenyewe akaingia kazini kule kule, akijifunza injini kwa kuzisikiliza. Nilikuwa sijawahi kumsikia akizungumza hivyo. Nyumbani alikuwa akirudi amechoka, ananuka dizeli, anaomba chai basi.

Mume wangu akasema, "Papa, kwetu ziwani kuna bato Wajerumani waliizamisha wao wenyewe."

Baba akageuka. "Wenyewe?"

"Wenyewe. Waliileta vipande-vipande ndani ya masanduku, wakaiunga Kigoma. Vita ile ya kwanza ikawashinda, na hawakutaka Waingereza waikamate. Lakini mbele ya kuizamisha, walipaka mashine mafuta mazito."

"Grisi!"

"Njo hiyo. Nyuma ya miaka wakaiopoa, ikatembea tena. Mimi niliipanda na mama nikiwa mutoto, tukitoka kwenye ukimbizi, tunarudi kwetu."

Baba akamsogelea. "Uliipanda wewe? Hebu nambie, injini yalia vipi?"

Mume wangu aliona haya kidogo, akaangalia huku na huku, kisha akaanza kunguruma kwa kifua. Baba akatikisa kichwa. "Hiyo ni pampu. Injini ni hivi." Naye akanguruma. Wakaendelea, mmoja akimsahihisha mwenzake, hadi kundi la watoto wa shule likaacha vifaru na kuja kuwatazama. Mimi nilisimama na mkoba wangu, nacheka huku machozi yananitoka. Tangu niolewe nilikuwa nikiogopa siku ya kuwakutanisha.

Njiani kurudi Baba alikaa mbele na mkwewe, mimi nikawa nyuma na makoti. Kabla hatujafika kwenye robot ya mwisho, zile taa za barabarani, walishapanga safari ya Simon's Town, kule pwani ya Cape, kwenye gudi la jeshi la wanamaji ambako nyambizi nzima ya zamani imehifadhiwa. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kwenda.

Wakapanda basi, wawili tu. Walinipigia simu upepo ukivuma hata sikuwasikia vizuri.

"Gudi lao la mawe!" Baba alikuwa akipiga kelele. "Waingereza walilijenga kwa mawe matupu, na ladumu hadi leo! Na huyu mumeo amegonga kichwa kwenye mlango wa nyambizi!"

"Papa pia amegonga!" mume wangu alidakia.

Niliwaambia wanunue barafu wajikande vichwa. Walikuwa wakicheka mno, sidhani kama walinisikia.