Profesa wa Sidiria

Wiki iliyopita pale sokoni Mchikichini nilimkuta mzee wa Kijerumani, profesa mstaafu aliyefundisha walimu wa muziki maisha yake yote, kasimama mbele ya meza ya sidiria za mtumba. Mwenye meza, dada aliyekaukiwa sauti, alikuwa akirekodi tangazo la kurudiwa na spika kutwa nzima.

"Usipige kelele, dada. Imba," profesa alimwambia, kidole kikipiga mapigo hewani.

"Sauti imekata, babu. Imba wewe!" Akamsukumia maiki.

Profesa akafumba macho: "Njooni, akina mama, chagueeeni!" Meza ikajaa watu.

Jana nimepita tena. Mzee keshapanda ndege, lakini spika inamwimbisha tangu asubuhi. Kwao wamemstaafisha. Mchikichini bado yuko kazini, na hata likizo hajapewa.