Watoto Saba wa Ukoo Mmoja

Bi Shekha, mkunga wa mji wa kale wa Malindi, hakujua kuandika hata jina lake, lakini alikumbuka kila kitovu alichokikata. Mimi Dorcas, muuguzi wa Ganda, nilimchukia. Miaka thelathini nyuma alimzika mwanawe mchanga, mwenye macho maangavu lakini shingo na miguu imelegea. Akadai mama yangu Menza, muuza mihogo, ndiye aliyemtia jicho, kwa kuwa alimsifu mtoto asiseme mashaallah. Mji ukaacha kununua kwake. Tangu siku ile mama hakumsifu mtoto yeyote, hata mimi aliyenizaa kwa uchungu.

Mwaka 1986 alikuja daktari kutoka Nairobi, akitaka kujua ugonjwa ule wa kulegea huwapata watu gani zaidi. Nikatumwa nimpeleke kwa Bi Shekha. Nilikwenda nimenuna.

Mkunga akaanza kutaja. Jamani, sijapata kuona kichwa kama kile! Mtoto, mama, bibi, bibi wa bibi, nyumba kwa nyumba, miaka arubaini, hasiti. Kalamu ya daktari ikashindwa kumfuata. Chuki yangu yote nikaisahau, nikabaki mdomo wazi. Katika vijiji vyetu vya Ganda na Ganze, alikozalisha mamia, alimkumbuka mmoja tu aliyelegea. Mjini walikuwa saba, wote wa ukoo mmoja, wote wazazi wao binamu. Wa saba alikuwa mwanawe.

Daktari akaeleza taratibu. Mtu huweza kubeba mbegu ya ugonjwa huu maisha yake yote asiumwe. Mtoto huumwa akiipata kwa baba na kwa mama pia. Ndiyo maana hapa huwa wengi na pale wachache, na ndugu wakioana mbegu hukutana upesi. Nikawaza: sisi Wagiriama wa Ganda na Ganze hatuoi ndani ya mbari yetu.

Bi Shekha alinigeukia.

"Jicho lingewapataje wa nyumba yetu tu?" akasema. "Dorcas, mamako yu hai?"

"Yu hai, bibi."

"Nipeleke."

Tulimkuta mama uani akimenya mihogo, mwanangu Kalama akitambaa kando yake. Bi Shekha akamwinua mtoto, akamweka mapajani mwa mama.

"Nilikudhulumu, Menza. Msifu mjukuu wako, nami nasikia."

Mama alimtazama Kalama muda mrefu.

"Mzuri," akasema, machozi yakimtoka. "Mjukuu wangu mzuri."

Bi Shekha ndiye aliyesema mashaallah.