Miparachichi Mitano na Mume Mmoja

Niseme wazi: mume wangu aliunguza miparachichi yangu. Si kwa moto. Kwa mbolea.

Nimeolewa juu kidogo ya Kikatiti, na miti hiyo mitano niliikuta kwa wakwe. Kila mwaka ilitoa maua hadi nyuki wanagombana, halafu vitunda vikifika ukubwa wa harage vinadondoka. Vilivyobaki vilikuwa vidogo, vimepinda kama sikio la mbuzi, na wanunuzi wa malori walipita bila hata kupunguza mwendo. Baba mkwe akatangaza kwamba ataikata arudishe migomba. Nikamwomba msimu mmoja. Akacheka, akasema nikiifanya izae matunda ya maana, shamba la chini atanipa mimi.

Nililitamani lile shamba kama mjamzito anavyotamani udongo.

Muuza pembejeo aliyaangalia majani niliyompelekea, akasema miti ina njaa ya zinki na boroni, akanipa mbolea ya maji ya kupulizia majani. Vizibo viwili kwa bomba moja la mgongoni, asubuhi kabla jua halijawaka, maua yakianza kuchanua. Maua yakaanza wiki ile ile niliyotakiwa Kaloleni kwa dada yangu aliyejifungua. Nikamwelekeza mume wangu mara tatu. Akaitikia mara tatu.

Niliporudi baada ya siku mbili, miti miwili ilikuwa imejikunja, kingo za majani kahawia kama chapati iliyosahaulika kikaangoni. Maua ya hiyo miwili yote chini. Kumbe bwana alipulizia saa saba mchana, chupa nzima kwenye bomba moja. Nilimuuliza vizibo viwili vilimshinda nini.

"Sasa mti mkubwa vile, vizibo viwili si utani?" akasema. "Hata ng'ombe humpi dawa ya kuku."

Bomba lilimwishia mti wa pili, akachoka kwenda kuchota maji mengine. Mitatu ikaokolewa na uvivu wake.

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki, maana mtoto wangu atakuja kujua kusoma. Kisha kwa siku tatu nikampakulia ugali bila mboga. Ya nne akaja mama mkwe, mkononi jani la isale, lile tunalopanda mipakani, mwanawe nyuma yake. Huku ukiombwa msamaha kwa isale, hukatai. Nililipokea nimenuna.

"Nimepokea, Mama. Lakini hili halirudishi maua."

Mama mkwe alicheka hadi akakaa chini. "Mwanangu, mimi kutoka kwa baba yake huyu nimepokea kichaka kizima."

Nikanunua chupa nyingine, nikambwagia bibi yake mtoto, nikapulizia ile mitatu mwenyewe alfajiri. Vitunda viliposhika nikarudia. Vilipokomaa vilikuwa vizito, vimenyooka, na mnunuzi aliyevikagua alivitupa kando vichache tu.

Baba mkwe akatuita uani. Alinisifu vizuri sana. Kisha akasema shamba la chini anampa mwanawe, mimi nitakuwa nashika bomba, kwa vile mkono wangu una baraka.

Nikasimama. "Sawa, Baba. Kama shamba ni lake, na bomba liwe lake."

Mzee aliitazama ile miti miwili, akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hapana," akaniambia. "Mama, chukua shamba."