Panga Mlangoni mwa Kanisa

Enzi zile dhahabu ilipojaza watu kijijini Matongo, Jumapili moja nilikaa benchi la nyuma kanisani. Mara mchimbaji mmoja akatokea mlangoni na panga mkononi, vumbi la shimoni bado kichwani. Alimtafuta mwenzake aliyemwibia mawe ya dhahabu. Mwenzake alikuwa benchi la tatu, anaimba.

Zamu ya kupokea waumini ilikuwa ya mama mmoja muuza ndizi. Alisimama katikati ya mlango.

"Mama, pisha," mchimbaji alisema.

"Hujanisalimia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Humu tunaingia mikono mitupu. Nipe nikushikie, wewe ukae hapa nyuma."

Alinyoosha mkono na hakuurudisha. Kwaya ilimaliza ubeti mzima ndipo akakabidhiwa panga.

Baada ya ibada wazee waliwakalisha wote wawili, na mawe yakarudishwa. Mama nilimkuta nyuma ya kanisa ameketi chini, panga bado amelishika kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata mchungaji aliomba watu wa kujitolea. Kwaya ilipata waimbaji hadi wakazidi. Alipotaja kazi ya mlangoni, wanaume wote tuliangalia viatu vyetu.