Mama wa Watoto Saba

Mwenye karte ya reli alitunzwa bure katika hospitali ya kampuni. Karte haikuwa na picha. Majina tu: Papa aliyefanya kazi relini, Mama, na sisi watoto tulio bado masomoni. Dada yangu mkubwa, Yaya, alifutwa humo siku alipoolewa na mvuvi wa ndagala. Mtoto wake wa kwanza alifia tumboni, mimba haikupimwa hata mara moja. Mimba ya pili ilipoingia, Mama akampa karte: "Tangu leo, wewe njo mimi, jina langu njo lako."

Nilimsindikiza kila mwezi, nimevaa nguo za masomo, kama ushahidi kuwa mimi ni mtoto wake. Raha iliyoje! "Mama, leo unatupikia nini?" nilimuuliza mbele ya watu. "Mama, Papa anasema urudi mbio, anakukumbuka!" Yaya alinifinya mpaka machozi.

Fishi, karatasi ya matibabu ya Mama, ndiyo haikujua mchezo. Ilisema: mama wa watoto saba, wote walizaliwa vizuri. Uchungu uliposhika, mkunga akaisoma, akacheka. "Saba! Mama, wewe unajua njia kunishinda. Tembea-tembea huko inje."

Mkunga akaenda kwa wenye mimba ya kwanza. Yaya akatembea asubuhi nzima, ameshika ukuta. Mchana akaninong'oneza, "Huyu pia hatoki. Ni kama ule wa kwanza."

Nikisema, tunafukuzwa na Papa anapoteza kazi. Nikinyamaza, Yaya anakufa akiitwa Mama. Nikatafuta utani mdomoni, hakuna.

Nikamvuta mkunga. "Yule si mama yangu. Njo yaya yangu. Wa kwanza alimufia ndani."

Akanikazia macho. "Nyamaza. Ukisema mara ya pili, nitakuwa nimesikia." Akakimbia kumwita munganga wa upasuaji.

Wakampasua. Mtoto akalia, wa kike. Papa akatia sahihi kwenye karatasi ya kuzaliwa: mtoto wake wa nane.

Shemeji alikuja anakimbia, mikono inanuka samaki. Nilikuwa nimemfundisha jibu la getini, nikijiona mwerevu.

"Sitwayeni, mwananchi, wewe njo nani wa ule mama?" mlinzi akauliza.

"Mukwe wake."

"Mukwe! Unataka kumuona mama mukwe kwenye kitanda cha uzazi? Huna haya?"

Shemeji hakuingia, siku zote zile. Alisimama nje ya ua wa senyenge. "Mutoto anafanana nani?" akaniuliza.

Mlinzi alikuwa ametega sikio.

"Papa," nikasema. "Anafanana Papa kabisa."