Mzee Ferdinand Apanga Zamu za Maji Chanika

Mzee Ferdinand alihamia Chanika na machipukizi kumi na mawili ya mgomba wa mchare, pamoja na imani kwamba watu wa pwani hawajui kulima. Kwake Kibosho, mteremkoni mwa Kilimanjaro, chemchemi ilikuwa imepungua mwaka hadi mwaka na mvua za vuli zilikuja zinapojisikia. Mfongo, ule mfereji wa kienyeji aliousimamia miaka thelathini akiwagawia jirani zake zamu za maji, ulibaki kichochoro cha kupitia. Wataalamu walipanda mara tatu na magari ya vioo vyeusi kumfundisha ustahimilivu. Kila mara walimwachia fulana. Baada ya fulana ya tatu, mwanawe Gaudens, muuza vipuri Manzese, alimteremsha.

"Migomba ya nyumbani imekauka yote," alimwambia Gaudens. "Machipukizi haya yakifa, mbegu ya babu yako imekwisha."

Hapo alisema kweli, jambo ambalo halikumtokea mara nyingi.

Jirani yake Mwinjuma, mzawa wa hapo, alikuwa na kisima cha pampu na tangi juu ya mnara. Alimruhusu kuchota bure.

"Shikamoo, mzee. Ila mie nakwambia ukweli, hapa mchanga mtupu. Panda muhogo."

"Muhogo ni chakula cha waliokata tamaa," alijibu Ferdinand. "Marahaba."

Mtu mwenye akili angechukua ndoo. Ferdinand alichimba mfereji toka kwenye bomba la tangi hadi migombani, na mchanga ukayanywa maji kabla hayajafika nusu ya njia. Akahitimisha kwamba tatizo ni uongozi. Mwinjuma alipokwenda msibani Ukonga kwa siku mbili, mzee aliandika ratiba ya zamu kwenye kipande cha bati, akakitundika kwenye mnara, kisha akafungua maji ya zamu yake tangu asubuhi mpaka tangi likalia tupu.

Mwinjuma alirudi, akasoma.

"Yaani kisima changu, umeme wangu, halafu mie zamu yangu Jumapili?"

"Jumapili mchana," Ferdinand alimrekebisha. "Asubuhi kuna misa."

Siku hiyohiyo bomba likatiwa kufuli.

Baada ya siku tano majani ya mgomba yalianza kujikunja. Gaudens alipiga simu. "Baba, kaombe msamaha. Utakufa nayo hiyo migomba."

"Nitaomba. Na nitaomba kama mtu aliyelelewa."

Alivaa koti, katika joto lile, akakata jani la isale, mmea aliokuwa ameupanda mpakani. Uchaggani, aliyeletewa isale haulizi wala hagomi. Amekwisha kusamehe. Ferdinand, aliyejua kila kitu kuhusu watu wa pwani, hakuwahi kujiuliza kama wanalijua jani hilo. Alifika uani, akalitoa kwa mikono miwili, kimya, kichwa chini.

Mwinjuma alilipokea kwa mikono miwili pia, akaligeuzageuza, akashukuru, akamtupia mbuzi wake aliyefungwa pembeni.

"Jamani, mzee ana utu huyu," alisema mkewe, Chausiku. "Kaleta na majani ya mbuzi! Yapo mengine, baba?"

Mbuzi alitafuna. Ferdinand alisubiri ufunguo. Wenye nyumba walisubiri maneno.

"Mzee, kuna ishu?" Mwinjuma aliuliza, na hakuuliza kwa ubaya. "Kama una neno, sema tu, tuyamalize."

Neno lenyewe lilikuwa moja, hata mtoto wa chekechea analo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mwinjuma, hatua mbili kutoka pale. Ferdinand alimtazama mbuzi akimaliza heshima ya ukoo mzima.

"Hakuna neno," alisema, akafunga vifungo vya koti.

Chipukizi la kumi na mbili lilikauka wiki iliyofuata. Aliling'oa mwenyewe, akampigia Gaudens simu kumweleza kwamba maji ya pwani yana chumvi.