Daktari Aliyekataa Kupewa Kifundo cha Mkono

Habari za kifo chake zilinikuta Kipkelion, kwenye foleni ya kinu cha kusaga mahindi, nikiwa na hasira kwa sababu stima ilikuwa imepotea mara ya tatu asubuhi hiyo. Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake wa kike, na hata hakunisalimu. "Daktari ametuacha," akasema. "Nimeona nikupigie mwenyewe, usije ukasoma kwa WhatsApp kama watu wengine." Niliondoka pale, na mahindi yangu nikayasahau chini, mwenye kinu aliniwekea hadi kesho yake. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua sipendi safu za kusifu marehemu, maana nchi hii mtu hawi mwema mpaka afunikwe na jeneza. Leo nitaandika hata hivyo, na mtanivumilia.

Alikuwa daktari wa ngozi, mzaliwa wa upande wa Merigi, mtoto wa mama aliyechuma majani chai maisha yake yote. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Alinitafuta miaka kadhaa iliyopita nimwandikie kwa Kiswahili fomu ya ridhaa, ile karatasi anayosomewa mgonjwa kabla ya kukubali kushiriki katika utafiti. Nilijitahidi jamani, nikaipamba kwa maneno mazito, nikaipeleka kwake kifua mbele. Aliisoma huku akinywa chai, kisha akatoa kalamu nyekundu. "Hii umejiandikia wewe mwenyewe," akaniambia. "Mimi nataka ya mama ambaye ameshinda kwa majani tangu alfajiri na miguu inamuuma." Niliandika upya mara nne. Tangu siku hiyo nilimheshimu, na nilimwogopa kidogo pia.

Alichotaka ni kitu kimoja: kujua kwa nini mikono ya baadhi ya wachumaji hupasuka mpaka ikatoa damu na ya wengine haipasuki, na ni dawa gani ya bei nafuu, au glavu ya aina gani, ingemwezesha mtu huyo kuendelea na kazi. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kufanywa kwa mshahara wa daktari, kwa hiyo aliomba ufadhili. Akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa. Kila mara jibu lilikuja na lugha tamu, ila ukilikamua unabaki na maneno mawili: ngozi haiui. Hata hapa nyumbani hatukuwa bora kuliko hao wafadhili. Kwenye harusi watu wazima walimvuta pembeni wamwombe mafuta ya chunusi, kana kwamba alikaa chuoni miaka yote hiyo ili bibi harusi ang'ae. Alicheka nao, lakini nilimwona akikunja ngumi chini ya meza.

Mnajua desturi yetu: mtu mwenye mkono mchafu au uliolowa hakupi kiganja, hukupa kifundo cha mkono ukishike, na salamu inakuwa imekamilika. Mama yake alimpa mchungaji kifundo hata Jumapili, mikono ikiwa imeoshwa na kukauka. Akiwa mdogo, daktari alidhani ndivyo wanawake wote wanavyosalimia. Alikuja kujua baadaye kwamba mama alikuwa anaficha nyufa. Basi yeye alikataa kupewa kifundo, katakata. Nilimshuhudia kliniki siku moja na mama mmoja aliyevaa sweta ya kijani, mchumaji, ambaye nyapara wake alikuwa amemwambia kwamba akileta tena kikapu nusu asirudi. Mama akanyoosha kifundo. "Nipe kiganja, mama," daktari akasema. "Wee, ni chafu, daktari." "Si ndiyo nimekuja kuona?" Daktari akaendelea kumnyooshea mkono wake mwenyewe, mama akiona haya. Mwishowe mkono ukafunguka, na mimi niliyekuwa nimesimama kando niligeuza uso. Mama yule alisema nyapara anamwita mvivu. Alitaka tu karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba huo haukuwa uvivu. Daktari hakuwa na karatasi hiyo. Barua ya mgonjwa mmoja isingemtikisa nyapara. Ilihitajika kazi kubwa iliyokaguliwa na watu wasiomjua yeyote kati yao.

Kwa ombi la tatu wafadhili walitaka uchunguzi mdogo wa awali, waone kama tatizo lipo kweli. Akafurahi, akatangaza kanisani wiki mbili kabla: Jumatatu fulani daktari atakuja kuangalia mikono ya wachumaji na kuipiga picha. Mnaanza kuona kosa lilipo? Mgeni anakuja, tena daktari, tena mtoto wa hapa aliyesoma! Wanawake wale walituma mabinti zao wakachume badala yao. Walisugua weusi wa majani kwa limau, wakaloweka mikono kwa maji ya uvuguvugu, wakaipaka samli asubuhi na jioni. Jumatatu ilipofika walikaa kwenye benchi la kanisa wamevaa nguo nzuri, viganja laini kama vya karani wa benki. Mama wa sweta ya kijani alikuwa wa kwanza, na mkono wake aliutoa kwa fahari. Daktari alipiga picha zote, akawashukuru, akanywa mursik, maziwa ya mgando, aliyoandaliwa.

Hapa ndipo nilipojiaibisha, na ni vizuri niseme leo maana wa kunisema hayupo. Nilimwambia, "Hizo picha zitupe. Una za kliniki, zenye damu. Weka hizo, nani atajua?" Aliniangalia mpaka nikatamani kuyameza maneno yangu. "Wewe ukitia chumvi kwenye safu yako watu wanacheka wanageuza ukurasa," akasema. "Mimi nikitia chumvi, siku ikijulikana, huyo mama ataitwa mvivu mpaka kufa, na mimi mtafiti mwongo." Alituma zilezile, pamoja na maelezo ya kweli ya siku ile. Jibu likaja upesi: ukubwa wa tatizo haujaonekana.

Nilidhani angekata tamaa. Mimi ningekata. Lakini Jumapili iliyofuata alirudi kwa wale wanawake, akawasomea barua ile neno kwa neno kwa Kipsigis. Aliniambia mama wa sweta ya kijani ndiye aliyeinuka. "Kumbe sisi ndio tumekuangusha?" "Hamkuniangusha. Mlinipa heshima. Lakini wale wanaosoma hii barua hawajui heshima yenu, wanajua picha tu." "Sasa tufanye nini?" "Msifanye chochote," akajibu. "Nitakuja bila kusema siku. Na tafadhali, msipake."

Ombi la nne aliliandika juu ya kosa lile lile. Alieleza waziwazi kwamba mchumaji aliyealikwa hujiandaa, na kwamba uchunguzi wa miadi humwona mtu akiwa mgeni rasmi, si akiwa kazini. Akapendekeza meza ndogo kando ya mizani ya kituo cha majani, mikono iangaliwe papo hapo kikapu kinapowekwa chini, umande ukiwa bado haujakauka. Alijaribu hivyo bila pesa ya mtu, kwa likizo yake mwenyewe, na mvua ya huku ikamnyeshea mpaka akapata kikohozi. Wanawake walikuja mmoja mmoja wakitoa viganja vilivyopasuka, wengine wakitazama pembeni. Aliporudi kuandika, hakuongeza kivumishi hata kimoja.

Tunapenda kusema kwamba ufadhili ni wa wenye jamaa, au wa wenye Kiingereza cha puani. Sikatai, wapo wanaopata hivyo, na wananiudhi. Lakini pia tumezoea kuandaa umaskini wetu kwa ajili ya mgeni. Kuna wanaoupaka samli usionekane, na kuna wanaouongezea vidonda uonekane zaidi, na wote wawili wanamnyima mgonjwa dawa yake. Hilo sikulijua kabla ya kumfahamu yeye, pamoja na miaka yangu yote ya kuandika magazetini.

Jibu la ombi la nne lilimkuta kitandani, akiwa na maradhi aliyokuwa ameyaficha kwa muda mrefu. Alikuwa amepata ufadhili. Wakaguzi waliandika kwamba walichokiamini zaidi ni ule ukurasa wa kosa lake. Mdogo wake aliniambia aliisoma barua mara mbili, akaomba simu, akampigia mwenzake kijana wa kike atakayeiongoza kazi hiyo, na jambo la kwanza alilomwambia ni, "Usitangaze kanisani." Hakuishi kuuona mwezi wa kwanza wa kazi. Imenichoma sana, siwezi kuficha.

Tulimzika nyumbani kwao Jumamosi. Wachumaji walijaa, wamevaa nguo zao nzuri, maana msiba ni msiba. Mama wa sweta ya kijani alikuja akasimama mbele yangu. Kwa mazoea mkono wangu ulishuka kutafuta kifundo chake, na yeye akaurudisha juu, akaniwekea kiganja. Kilikuwa kikavu, kimepasuka, cheusi kwenye nyufa, bila tone la mafuta. Nikatazama nyuma yake kwenye foleni ya waliokuja kuipa familia pole, na wote walikuwa wanatoa viganja.

"Hatukupaka," akaniambia. "Tumesikia kazi yake inaanza Jumatatu."